Simama Tu, Chizuru

Msimu ule ulikuwa wa tatu kwangu na timu ya besiboli ya Nyangumi wa Minasaka, na tangu nisajiliwe sikuwahi kupewa gongo la kupigia mpira katika mechi ya ligi. Kazi yangu ilikuwa kukimbia. Besiboli ina watu wazito wanaojua kupiga lakini miguu haiwasaidii. Mmoja wao akifika kituo cha kwanza anahema, Kocha Doi aliita, "Kusunose!" nami niliingia badala yake, nikakimbia vituo vilivyobaki mpaka kibao cha nyumbani kuleta pointi nikibahatika, kisha nikarudi benchi kukaa. Siku nyingine nilikaa kuanzia mwanzo wa mechi mpaka mwisho na jezi ikarudi nyumbani safi. Mama aliifua hivyo hivyo. Alisema inanuka huzuni.

Ligi yetu si ile ya Tokyo na Osaka. Ni ligi ya mikoani, na wachezaji wake wengi asubuhi wanabeba maboksi sokoni au wanawachimbia wakulima tangawizi. Mimi nilichimba ya baba. Lakini ilikuwa ligi ya kulipwa, na baba hakumruhusu mtu yeyote aseme vinginevyo mbele yake. "Mwanangu ni mchezaji wa kulipwa," aliwaambia wateja. Wakimuuliza nacheza nafasi gani, alianza kuzungumzia bei ya tangawizi.

Dada yangu Chizuru alikuwa na miaka kumi na mmoja. Shuleni, watoto wakipangwa mstari kwa urefu, yule mfupi kuliko wote husimama mbele na kushika kiuno wakati wenzake wamenyoosha mikono. Chizuru alishika kiuno tangu siku ya kwanza ya shule. Hakuwahi kunyoosha mikono hata mara moja. Aliichukia mistari, aliichukia nafasi ile, na hasira zake zote alizipeleka kwenye gongo. Kila jioni alikuwa kwenye mashine za kurusha mipira nyuma ya kituo cha mafuta, anapiga mpaka mwenye mashine anazima taa. Na alijua kupiga. Hilo nalisema kama mtu wa kazi hiyo, si kama kaka.

Siku moja ya mwezi wa sita nilisahau chakula cha mchana nyumbani. Chizuru akaniletea uwanjani tukiwa mazoezini.

"Kaka, chakula chako hiki. Mama amesema kama ungekuwa na kichwa cha kufungua na kufunga, nacho ungekisahau."

Wenzangu walicheka. Izawa, mrushaji wetu namba moja, kijana wa maringo sana, akamwita. "Njoo usimame hapa, bi mdogo, nikuonyeshe mpira wa kulipwa unafananaje."

Hakumaliza kusema, Chizuru alikuwa ameshachukua gongo na kofia ngumu iliyomfunika mpaka nyusi.

Izawa akarusha. Mpira ukapita juu ya kichwa cha Chizuru. Akarusha mwingine, ukapita juu. Watu wakaanza kumtania. Akapunguza kasi, akainama, akarusha tena. Ukagonga chini mbele ya kibao na kumrukia mdakaji kifuani. Maringo yakamtoka, jasho likaingia.

"Mwambie asimame wima!" Izawa alifoka.

"Amesimama wima," mdakaji akasema. "Ndiyo yote hiyo."

Sheria ya besiboli ni rahisi. Mrushaji lazima apitishe mpira juu ya kibao, usiwe chini ya magoti ya mpigaji wala juu ya kifua chake. Akirusha mibovu minne, mpigaji anatembea bure mpaka kituo cha kwanza; mitatu halali isipopigwa, mpigaji ametolewa. Sasa kati ya magoti ya Chizuru na kifua chake palikuwa na nafasi ya kupitisha labda kitabu, na Izawa alizoea kurushia watu wazima. Chizuru mwenyewe alikuwa anakaribia kulia. "Rusha mmoja ninaoufikia basi, jamani! Mmoja tu!"

Kocha Doi alikuwa ameegemea wavu, anatafuna mbegu za alizeti. Aliacha kutafuna. Alimtazama Chizuru, akamtazama Izawa, akanitazama mimi.

"Kusunose, huyu ni nani wako?"

"Dada yangu, Kocha."

"Anakua haraka?"

Sikuelewa swali. Nilisema hapana. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata habari njema kutoka hospitali.

Jumapili iliyofuata alikuja nyumbani amevaa suti, amebeba boksi la matikiti. Nyangumi walikuwa wa pili kutoka mwisho, viti vya uwanja vitupu, na yeye alikuwa ameisoma sheria ya ligi yote akagundua kwamba hakuna mahali ilipotaja umri wa chini wala kukataza wasichana. Shule ingefungwa karibuni. Angemtumia siku za mapumziko tu.

Baba aliposikia neno "mkataba" alikaa wima kama anapigwa picha. Mama akauliza kuhusu kazi za nyumbani za likizo. Bibi Fumie, mama yake baba, mwenye nyumba kwa maana zote, alikuwa anamenya tangawizi pembeni.

"Nitapiga namba ngapi?" Chizuru aliuliza. Macho yalikuwa yanawaka.

Kocha akakohoa. "Kupiga, hutapiga."

"Sasa nitafanya nini?"

"Utasimama."

"Nitasimama halafu?"

"Utasimama tu, Chizuru. Watarusha minne mibovu, utatembea kituo cha kwanza, kaka yako ataingia kukimbia badala yako. Kazi imeisha. Ukilitikisa gongo hata kidogo, nakurudisha darasani."

Bibi akainua kichwa. "Yaani mjukuu wangu aende mbele ya watu asimame kama kigingi? Hata hapa nyumbani anasimama, na hakuna anayekuja na matikiti."

"Bibi, nisamehe, lakini hii ni mbinu."

"Mbinu," Bibi alisema, akaendelea kumenya.

Nilitegemea Chizuru akatae. Lakini mtoto anayechukia kuwa mfupi ameambiwa kwamba timu ya watu wazima inamtaka. Aliweka sahihi kwa herufi kubwa kubwa, na usiku ule alilala na jezi. Mimi nililala nikitazama dari. Tangu darasa la pili nilikuwa nakimbia milima kila alfajiri, nimevunjika kidole, nimeachwa na mchumba, ili niingie timu ile. Yeye aliingia kwa kuleta chakula.

Mechi yake ya kwanza tulicheza na Tai wa Imahara. Mwamuzi alisoma sheria kwenye simu mara mbili tatu, akampigia mtu, akashusha mabega. Chizuru akaingia. Gongo lilimzidi, jezi ilikuwa imekunjwa kwa pini mgongoni. Mrushaji wa Tai alirusha minne, yote ikapita juu, na uwanja ukalipuka kama tumetwaa ubingwa. Chizuru alitembea mpaka kituo cha kwanza amekunja uso.

Nilikimbia kumpokea. Nikanyoosha mkono anipige kiganja.

"Usinishike," alisema.

"Umefanya vizuri!"

"Nimefanya nini? Hebu niambie, Kaka, nimefanya nini?"

Aligeuka akaenda benchi. Nilibaki kituoni, na mpigaji aliyefuata akatolewa kwa mirusho mitatu halali. Nikarudi benchi.

Mambo yakawa hivyo majira yote ya joto. Waandishi wakaja, televisheni ikaja. Viti vikajaa. Kwenye duka la stesheni waliuza mikate yenye umbo la nyangumi mdogo aliyeshika gongo. Baba alitundika bango juu ya meza yake ya tangawizi: HAPA NDIPO NYUMBANI KWA CHIZURU. Chini yake, kwa maandishi ya kutafutwa kwa miwani, aliongeza: na kaka yake. Tukaanza kushinda, maana katika mechi yenye pointi za kukaribiana, mtu mmoja wa bure kituoni ni mali. Tukapanda mpaka nafasi ya tatu.

Chizuru alizidi kununa. Kila siku ya kazi alifanya mazoezi ya kupiga, akawatoa jasho warushaji wetu waliokubali kumrushia chini. Kila siku ya mechi alisimama. Watoto wa shule yake walimtungia jina: Nguzo. Mashabiki wa timu nyingine walilipokea kwa furaha. "Nguzo! Nguzo! Leo umebeba nini?" Mara moja, kule Imahara, mzee mmoja alimletea kamba ya kuanikia nguo, akamwomba aifunge kwenye gongo. Uwanja mzima ulicheka. Hata mwamuzi aligeuka ajifute uso.

"Wajibu hawa!" Chizuru aliniambia kituoni. "Wewe ni kaka yangu, wajibu!"

"Niwajibu nini? Nikisema neno wataniuliza mimi nani."

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Siku moja niliiba kituo cha pili, yaani nilikimbia bila kungoja mpigo, nikaiba cha tatu, nikaingia nyumbani kwa kuteleza na kifua, tukashinda kwa pointi hiyo. Kukimbia vizuri namna ile sikuwahi tena. Kesho yake gazeti la mkoa liliweka picha ya Chizuru ananywa juisi ya chungwa. Chini waliandika kwamba nduguye pia alikuwepo.

Katikati ya mwezi wa nane Kocha akaanza kumpima. Alichora alama kwa chaki ukutani karibu na choo cha wachezaji, na kila mechi alimsimamisha hapo, anafunga jicho moja. Siku alama ilipopanda kidogo alikaa chini kwenye ndoo.

"Anakula nini huyu mtoto?"

"Wali, Kocha. Samaki. Kama sisi."

"Asubuhi na jioni?"

"Na mchana."

"Mwambie bibi yako apunguze maziwa. Ni mpaka msimu uishe tu."

Nilipaswa kukaa kimya. Lakini nilikuwa na hasira na wote, nikafikisha ujumbe neno kwa neno. Mechi iliyofuata, wakati wa mazoezi, Bibi Fumie alipita lango la wachezaji bila kumwuliza mtu. Alikuwa na aproni, na sanduku la chakula la ghorofa tatu limefungwa kwa kitambaa.

"Doi ni yupi?"

Kocha alisimama. Mtu aliyewahi kucheza mbele ya maelfu Osaka aliitika kama mwanafunzi. "Ni mimi, Bibi."

"Wewe ndiye hutaki mjukuu wangu akue?"

"Sikusema hivyo, Bibi, nilisema tu kidogo..."

"Kidogo nini? Akue kidogo? Mfupa una bomba la kufunga?" Akafungua sanduku juu ya benchi: wali, mayai yaliyokunjwa, samaki wa kuchomwa kwa moto wa majani, maboga. "Chizu, njoo hapa. Kula. Wote muangalie."

Chizuru alikula mbele ya timu nzima, mashavu yamejaa, anamtazama Kocha usoni. Bibi akamwekea Kocha naye sahani. "Na wewe kula. Umekonda kwa kuwaza ujinga." Akala. Angefanyaje?

Siku ile Chizuru alitembea bure tena, nami nikaachwa kituo cha pili wakati mechi inaisha. Njiani kurudi, mama akiendesha, tuligombana kwenye kiti cha nyuma kama tuliolingana umri.

"Kila nikitembea mpaka pale, wewe unakuja kunifukuza kituoni," alisema.

"Nakufukuza? Unadhani napenda? Nina miaka ishirini na mitatu na kazi yangu ni kumalizia safari za mtoto!"

"Wewe angalau unakimbia!"

"Na wewe angalau unashika gongo!"

"Gongo la kushika! Bora mwavuli, ningekingia mvua!"

"Nyamazeni wote wawili," mama akasema, "au mmoja anasimama na mwingine anakimbia mpaka nyumbani."

Nilimtazama Chizuru kwa jicho la pembeni. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge kama vyangu vya utotoni, yaliyopasuka na kukauka, mapya juu ya ya zamani. Ya kwangu yalishapotea. Nilitazama nje mpaka tukafika.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa dhidi ya Tai wa Imahara hao hao, uwanjani kwetu, mchana wa jua kali. Tukishinda tunaingia fainali. Sare haitoshi, na ligi yetu haina muda wa nyongeza. Mizunguko tisa ikiisha, imeisha. Familia yote ilikuja. Baba alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata nilipozaliwa, kwa maelezo ya mama.

Mzunguko wa tisa, zamu yetu ya mwisho kupiga, pointi zililingana. Mdakaji wetu mnene alifika kituo cha kwanza, Kocha akaniita, nikaingia. Mpigo mmoja ukanipeleka cha pili, makosa ya Tai yakanipeleka cha tatu. Wakampa mwingine kituo bure. Vituo vyote vitatu vikajaa, wawili wetu wameshatolewa, na wa tatu akitolewa zamu yetu imeisha. Yaani mpigaji anayefuata akitembea bure, sisi wote tunasogea mbele, mimi naingia nyumbani, tumeshinda.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Uwanja mzima ulianza kuimba jina lake kabla hajatoka benchi. Kocha alimshika mabega, akamwinamia. Hata nilipokuwa, kituo cha tatu, nilisoma midomo yake: simama tu.

Ndipo kocha wa Tai naye akatoka, akabadilisha mrushaji. Aliyeingia alikuwa Mukai, mtu wa miaka arobaini na kitu, tumbo mbele, ambaye hakuwa amerusha kwa miezi miwili. Watu wetu walimzomea. Mimi sikuzomea. Mukai alijulikana kwa kitu kimoja: mpira wa polepole sana, anautupa juu angani kama anamtupia chungwa mtu aliye darini, nao unashuka wima juu ya kibao. Walikuwa wamemtunza kwa ajili ya dada yangu.

Wa kwanza ulipanda, ukashuka mbali. Mbovu. Wa pili ukashuka mbele ya pua ya Chizuru, ukapita kifuani, magotini.

"Halali!" mwamuzi alipaza sauti.

Kelele zikakatika. Tangu mwezi wa sita hakuna mwamuzi aliyewahi kusema neno lile kwa Chizuru. Wa tatu mbovu. Wa nne halali tena. Wa tano ulitua kwenye vumbi. Mibovu mitatu, halali miwili. Umebaki mmoja. Ukiwa mbovu tumeshinda. Ukiwa halali na yeye amesimama, msimu umeisha.

Kocha alikuwa ameshusha kiganja chake, anakandamiza hewa: tulia, simama, usitikisike. Mishipa ya shingo ilimtoka. Chizuru alimtazama, kisha akageuka akanitazama mimi.

Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote wa kwetu. Ningeweza kufanya ishara ya kocha. Ningeweza kutazama chini. Niliona uso wake chini ya kofia ile kubwa, si uso wa mtoto anayeomba ruhusa. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka. Ninaujua. Naunyoa kila asubuhi.

Nikasema bila sauti: piga.

Mpira ulipomtoka Mukai mkononi nilichomoka. Katika hali kama ile wakimbiaji wote huchomoka, hakuna cha kusubiri. Mpira ulikuwa bado angani, unajizungushazungusha, nami nakimbilia nyumbani nikiwa namwona dada yangu ananyanyua goti, anazungusha kiuno, analeta gongo lile lote.

Mlio wake nausikia mpaka leo. Mzuri, mkavu, katikati ya gongo. Niliwaza: Mungu wangu, ameupata. Halafu mpira ukanipiga paja.

Mkimbiaji anayetoka kituo cha tatu hufundishwa akimbie nje ya mstari mweupe kwa sababu hiyo hiyo. Mimi furaha ilinisogeza ndani, hatua moja tu. Mpira wa mpigaji ukimgusa mkimbiaji ndani ya uwanja, mkimbiaji ametolewa. Nilianguka kifudifudi, mdomo umejaa mchanga, nikasikia mwamuzi juu yangu.

"Nje!"

Wa tatu ametolewa. Sare. Msimu wa Nyangumi ukafia pale pale, kwenye paja langu.

Kocha Doi alivua kofia akaitupa, akaifuata akaikanyaga. Izawa alijifunika taulo. Maelfu ya watu hawakujua wafanye nini na midomo yao. Halafu kwenye ubao wa matokeo, juu ya jina la Chizuru, taa moja ndogo ya kijani ikawaka. Sheria inasema hivi: mpira ukimpiga mkimbiaji, yeye anatolewa, lakini mpigaji anaandikiwa mpigo. Mpigo kamili, wa kulipwa, wa ligi.

Aliyeanza kupiga makofi alikuwa Bibi. Peke yake kwanza, mikono juu, anapiga kelele ambazo sitaziandika. Kisha mama. Kisha uwanja wote, hata wale wa Imahara, wakasimama. Baba alikuwa analia na kucheka, akimwuliza jirani yake alie kwa sababu gani.

Chizuru alikuwa kituo cha kwanza. Hakurukaruka. Alikuja mbio moja kwa moja mpaka nilipolala, nikadhani amekuja kuniuliza kama nimeumia.

"Ulikuwa unakimbia wapi wewe?"

"Chizu, una mpigo! Angalia ubao!"

"Mpira ule ulikuwa unakwenda mpaka ukutani! Ungepita! Tungeshinda! Ningekuwa na mpigo na ushindi!" Akatupa kofia chini. "Mara moja! Mara moja tu napiga, na wewe upo njiani!"

"Ni mimi niliyekuambia upige!"

"Nilikuwa napiga hata usingesema!"

Wapiga picha walituzunguka. Kesho yake gazeti la mkoa lilitutoa sote wawili ukurasa wa mbele, yeye amesimama ameninyooshea kidole, mimi chini kwenye vumbi. Angalau safari hii waliandika jina langu: Kusunose Ryohei, mkimbiaji.

Msimu ulipoisha ligi iliweka umri wa chini. Nyangumi waliniacha pamoja na wengine kadhaa, kwa simu fupi ya adabu. Sikubishana. Nilikuwa nimechoka kukaa. Chizuru alirudi timu ya shule, na msimu wa baridi ule akaanza kurefuka kwa kasi ambayo hata Bibi ilimtisha. Suruali zote zilikuwa fupi. Lakini hatukuzungumza vizuri. Tulisalimiana mezani. Kila mtu alikuwa na kesi yake, na kesi yenyewe ilikuwa ile ile: yeye anasema mpira ungefika ukutani, mimi nasema sikuwa na namna ya kuukwepa.

Siku chache baada ya mwaka mpya Kocha Doi alikuja. Hakuwa na suti. Naye alikuwa ameondolewa, anafanya kazi kwa shemeji yake anayeuza matrekta, na alikuwa amepita kuaga. Bibi alimkalisha kwenye meza yenye kipasha joto chini, akamjazia bakuli. Alikula akamaliza. Kisha akatoa simu.

"Nimeutazama ule mpigo mara nyingi sana," alisema. "Mke wangu anataka kuniacha. Mnataka kuona?"

Tulijikusanya wote nyuma yake, vichwa vimegusana. Mukai akatupa. Chizuru akapiga. Kocha akasimamisha picha kwa kidole kabla mpira haujanifikia.

"Hapa ndipo nimeridhika," alisema kwa sauti ya upole, kama daktari. "Mwone mchezaji wao wa kituo cha tatu. Ameshajiweka tayari, glavu ipo chini. Ryohei usingekuwepo, angeudaka kirahisi, angerusha kituo cha kwanza, Chizu angetolewa. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Isingesaidia kitu."

Alituambia ili tupoe moyo. Namjua, alitoka mbali kwa ajili hiyo.

"Angeudaka nani?" Chizuru akasema.

"Huyu hapa, wa..."

"Huyu? Kocha, huyu miguu yake imepishana! Angalia!"

"Na mpira una kasi," nikasema. Sikujua kwamba nitasema. "Ulinipiga mimi, Kocha, nililala na barafu wiki nzima. Mpira ule angeudaka nani?"

"Ungemng'oa glavu," Chizuru akasema.

"Na mkono," nikasema.

"Mimi naona ungepita katikati ya miguu," baba akaingilia.

"Jamani, mimi nimecheza miaka kumi na minne..." Kocha akaanza.

"Kusimamisha watoto," Bibi akasema, akamwondolea bakuli.

Tulibishana naye mpaka chai ikapoa, Chizuru na mimi bega kwa bega upande mmoja wa meza, tunapokezana maneno. Alipotoka, mama alimpa mfuko wa tangawizi, naye akainama kwa heshima akaelekea kwenye gari. Dada yangu alifungua mlango, upepo wa baridi ukaingia, akatoka nje na soksi.

"Kocha! Rudisha picha nyuma, uitazame tena vizuri!"

"Polepole!" nikapaza sauti nyuma yake. "Uitazame polepole!"

Kocha alipunga mkono bila kugeuka, akawasha gari.